Saa Iliyofika Ijumaa Kabla ya Watu

Usiku wa jana niliota nimefika Ijumaa kabla ya watu wengine wote. Nasema usiku wa jana kwa hesabu ya saa yangu. Kwa hesabu ya mama, siku mpya huingia jua linapozama, kwa hiyo yeye angekwambia ulikuwa tayari usiku wa Ijumaa, na balaa lote lilianzia hapo.

Niieleze kwanza saa yenyewe, maana bila hiyo utadhani nililala na njaa. Ni saa ya mkono, ya mishale, haina betri. Inajitia ufunguo yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, ndiyo maana siku hizi nikiongea napunga mikono mpaka watu wa pale ninapouzia chaja na kava za simu, hapa Korogwe, wanadhani nagombea udiwani. Usoni inaonyesha siku, tarehe na mwezi, na ina kidirisha ambamo mbalamwezi hupita taratibu kama mtu anayechungulia ugomvi wa jirani. Inajua Aprili inaishia wapi. Inajua Februari ya mwaka mfupi na ya mwaka mrefu bila kuambiwa na mtu, kwa meno ya magurudumu tu. Itakuwa sahihi mpaka mwaka elfu mbili na mia moja, ndipo itahitaji kusogezwa kidogo. Nimeshamwomba fundi saa wa mjini aniwekee nafasi. Fundi mwenyewe ana mjukuu aliyeoa.

Utamu wa kuwa na saa kama hii huwezi kumweleza mtu akakuelewa. Wenzangu hukesha kwa ajili ya mpira, mimi hukesha mwisho wa mwezi. Ikifika saa sita ya usiku, siku, tarehe na mwezi vinaruka kwa pamoja, tik, na mimi nimekaa kitandani natabasamu kama bwana harusi. Kesho yake mteja akiniuliza saa ngapi namjibu mpaka na hali ya mwezi. Wateja wenyewe wanakuwa wameshika simu zinazojua yote hayo, tena bure. Lakini simu haijui. Simu inaambiwa.

Saa hii nilipewa na mjomba Singano, kaka yake mama, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya reli na sasa amestaafu, anaishi Mombo. Alinipa kwa sharti moja. Alisema siku itakapoonyesha tarehe ya uongo mkononi mwangu, ataivua na kumvisha binamu yangu Mhando. Tangu siku hiyo Mhando anavaa mashati ya mikono mifupi, hata kwenye baridi ya Lushoto. Na mjomba alikuwa ameahidi kuja Ijumaa hii, kula chakula cha mchana na kuikagua saa.

Sasa, Jumatano jioni mama alikuwa barazani na shoga yake Bi Mwanamvua, wanachambua mchele. Adhana ya Maghrib ikatoka, mama akasema haya, tumeshaingia Alhamisi. Bi Mwanamvua akavuta mkono wangu, akaiangalia saa, akakuta bado iko Jumatano. Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Bi Mwanamvua akasema hata kuku wake wanajua siku imegeuka, na kuku wake hawakuletwa na meli. Nikaumia. Nikabonyeza kile kitufe kidogo cha pembeni, siku ikasogea, Alhamisi. Wakaipongeza saa kwa kuelimika.

Nilichosahau ni kwamba saa haikujua kuwa nimeshaifanyia kazi yake. Ilipofika saa sita ya usiku ikaifanya yenyewe, kama kawaida, kwa uaminifu. Alhamisi asubuhi nikaamka nayo iko Ijumaa. Na saa za namna hii husogezwa mbele tu, hazina njia ya kurudi nyuma. Kutwa nzima nimeuza chaja mkono ukiwa mfukoni. Usiku nikalala nayo mkononi, nikimuwaza Mhando na viwiko vyake.

Basi, ndani ya ndoto naamka. Kumekucha kidogo, mwanga ni wa majimaji, kama chai ya mtu bahili. Natoka nje kupiga mswaki. Barazani hakuna mtu. Kwa Bi Mwanamvua hakuna nyumba, kuna uwanja wenye kuku wawili wanaosubiri nyumba iletwe. Barabara inaenda hatua chache, kisha inaishia kwenye rundo la matofali. Milima ya Usambara imeegemezwa ukutani, bado haijasimamishwa.

Mtu mmoja anachanganya zege. Ananiona, anaweka koleo chini.

"Umewahi," akasema. "Ijumaa bado haijapauliwa."

Nilimjua kabla hajajitambulisha. Alikuwa mfupi, shati lake limeishia kitovuni, na mfukoni alikuwa na kifungo kimoja cha akiba ambacho, alinieleza, huruhusiwa kukishona mara moja tu kila baada ya miaka minne. Ni Februari. Nikamuuliza imekuwaje yeye ndiye anajenga siku. Akasema wenzake wana siku nyingi za kuhudumia, yeye ndiye mwenye nafasi, kwa hiyo kila kazi ya mikono anasukumiwa yeye. Agosti ana siku thelathini na moja na bado analalamika baridi. Alisema hayo bila chuki, kama mtu anayeyasema kila siku.

Kitu kilichokamilika katika Ijumaa nzima kilikuwa benchi moja la mbao, kama yale ya stesheni, limetoka kupakwa rangi ya kijani. Februari akanionya nisiliegemee. Rangi ya Ijumaa, alisema, haikauki mpaka saa mbili asubuhi.

Nikamuuliza watu wako wapi. Akanyoosha kidole nyuma yangu. "Alhamisi. Ulitaka wawe wapi?"

Nikageuka. Kweli, kule nyuma, ng'ambo ya ukuta mfupi ambao hata mbuzi angeuruka, kulikuwa na Alhamisi, imejaa, ina taa na kelele na harufu ya nazi. Namwona mama anakuna nazi. Namwona Bi Mwanamvua anaelekea dukani amevaa kanga yake ya kwendea kukopa. Nikainua mguu niende. Mguu ukaenda mbele, kwenye matofali. Nikainua wa pili, nao ukamfuata mwenzake. Nikajaribu kutembea kinyumenyume, visigino vikakataa kabisa, kama punda kwenye daraja.

"Usijisumbue," saa ikasema kutoka mkononi. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu. "Mimi sirudi nyuma. Na uliyenifunga mkononi ni wewe."

Nikaiomba ijaribu, siku moja tu, hakuna atakayejua. Ikajibu kwamba maisha yake yote imepewa kazi moja, kugeuza siku saa sita ya usiku, na imeifanya kwenye joto na baridi, mikononi mwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa nayo kwanza na mikononi mwa mjomba, na hakuna aliyewahi kuisaidia.

"Nilitaka wakuheshimu," nikasema.

"Nani?"

"Mama na Bi Mwanamvua."

"Hao walikuwa wananiheshimu vizuri tu. Walikuwa wanakucheka wewe."

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama, anapiga kutoka Alhamisi. Akauliza niko wapi, nikamwambia niko Ijumaa. Akasema basi nikirudi nipitie nazi mbili nyingine, hizi hazitoshi, mjomba wangu anakula. Nikamweleza kuwa siwezi kurudi, saa haina njia ya nyuma. Akasema hata marehemu baba yangu alikuwa na visingizio lakini angalau vilikuwa vya humu humu duniani. Akakata.

Nikamfuata Februari tukaongea kiutu uzima. Nilitaka Alhamisi iharakishwe, watu wahamie huku kabla mjomba hajafika, ili saa yangu ionekane sahihi. Nikamwahidi chaja, tena ile nzuri. Akauliza kama inaingia kwenye simu ya vitufe. Nikasema haiingii. Akasema basi, na kwamba siku ikiharakishwa huwa inavuja, kuna Jumanne moja mpaka leo watu wakikumbuka hawajui walikula nini. Akarudi kwenye zege.

Hapo ndipo niliposikia filimbi.

Behewa moja linakuja juu ya mchanga, halina reli, halina kichwa cha treni, linateleza tu kwa heshima. Linasimama mbele ya benchi. Anashuka mjomba Singano, amevaa koti lake la kazi la zamani, bendera ya kijani kwapani. Sikushangaa. Mjomba hajawahi kuchelewa mahali popote. Aliwahi kufika kwenye mazishi ya mtu ambaye bado alikuwa anaendelea vizuri. Kama kuna binadamu angeweza kuingia Ijumaa wakati zege ni bichi, ni yeye.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mjomba, akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake. Akaomba mkono. Nikamnyooshea kwa kutetemeka, na kutetemeka kwenyewe kulikuwa kunaitia saa ufunguo. Akasoma usoni: Ijumaa. Akainua macho, akaangalia matofali, milima iliyoegemezwa, kuku wasio na nyumba. Akamuuliza Februari hapa ni wapi. Februari akasema Ijumaa. Mjomba akaiangalia saa tena.

"Ni sahihi," akasema.

Nikapumua. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote katika siku ile, na haikuwa kazi ngumu maana tulikuwa watatu. Nikamwona Mhando anatafuta mashati ya mikono mirefu. Nikafuta kioo cha saa kwa pindo la shati. Nikajikuta nasubiri kitu, sijui nini, kisha nikakijua. Nilikuwa nasubiri mtu apite aniulize saa ngapi. Hakuna aliyepita. Kuku walinitazama, lakini kuku wa Bi Mwanamvua wana njia zao.

"Chakula kiko wapi?" mjomba akauliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba wali uko jikoni na jiko liko Alhamisi. Harufu ya nazi ilikuwa inapita juu ya ukuta mfupi na kutufikia yenyewe tu, bila wali. Mjomba akainusa kwa muda mrefu. Ni mtu mwenye mwili, na alikuwa ametoka Mombo hajaonja kitu.

"Saa yako ni sahihi, mjomba," akasema. "Ila uko peke yako nayo." Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, ni nani aliyeigusa Jumatano jioni.

Nikasema Bi Mwanamvua.

Saa ikapata kwikwi. Tik, ikanyamaza, tik tik. Februari akageuka kutazama milima. Mjomba akanisubiri kama alivyokuwa akisubiri treni ambazo kila mtu ameshazikatia tamaa, na mwishowe nikasema ni mimi.

"Saa ya namna hii hairudishwi," akasema. "Inasimamishwa. Inawasubiri wenzake."

Kuisimamisha hakukuhitaji fundi wala kifaa. Ilikuwa inaishi kwa mkono wangu, kwa hiyo ilinibidi nilale nisitikisike mpaka ufunguo uishe. Nikaona ugumu. Hii saa haijasimama tangu kabla sijazaliwa, na nusu ya utamu wake ndiyo hiyo, kwamba wewe unalala, unaumwa, unakosa wateja, unakorofishana na mama, na yenyewe inaendelea. Ikisimama ni bangili. Nikawaambia hivyo wote watatu. Nikasema bora nibaki hapa, mbele ya watu kwa siku moja maisha yangu yote, niwe nawaachia salamu ukutani.

"Nikisimama," saa ikauliza taratibu, na sasa haikuwa na ualimu mkuu, "nani atahesabu?"

Februari akajibu kwamba watu walikuwa wanahesabu hata kabla yake, kwa jua, na makosa yalikuwa madogo tu. Nadhani alikusudia kuifariji.

Nikaangalia ng'ambo ya ukuta. Mama alikuwa amemaliza kukuna nazi. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye nyusi, anaangalia barabarani kama mtu anayemsubiri mwenye nazi mbili. Alikuwa anaangalia upande mwingine kabisa. Kutoka Alhamisi, Ijumaa haionekani.

Nikamuuliza mjomba nilale wapi.

Chini kulikuwa na misumari, likabaki lile benchi. Februari akakumbusha kuhusu rangi. Mjomba akasema rangi ni rangi, akalala upande mmoja na koti lake, mimi nikalala upande mwingine, kichwa kwa kichwa, kiwiko changu kikagota kwenye ubao na kuteleza. Tukatulia. Nzi akatembea puani mwangu. Alikuwa bado hajamalizika, ana bawa moja, kwa hiyo alitembea safari yote kwa miguu. Sikumgusa. Hiyo ndiyo sadaka kubwa niliyowahi kuitolea saa.

Naisikiliza. Tik. Tik. Inachukua muda kati ya moja na nyingine, kama mzee anayepanda ngazi. Nataka kutikisa mkono, kidogo tu, hakuna atakayeona. Mjomba, macho yamefumbwa, anasema, "Tulia, mjomba."

Tik.

Kisha kimya.

Na hapo watu wakaanza kuingia. Waliruka ule ukuta mfupi kama vile haupo, na ndoo, na vikapu, na watoto mgongoni. Nyumba ya Bi Mwanamvua ikafika ikiwa imebebwa na watu wanne, kuku wakaingia bila hata kushukuru. Milima ikainuliwa kwa kamba. Paa la Ijumaa likapita juu yetu likiwa la buluu, Aprili na Juni wakilipigilia misumari. Mwisho kabisa akaja mama na sufuria kichwani. Akasimama mbele ya benchi, akauliza ni watu wazima gani hawa wanaolala kwenye rangi mbichi wakati kuna vitanda.

Nikaamka.

Nilikuwa kitandani kwangu, chumbani kwangu, na redio ya mama inaongea jikoni. Ilikuwa saa moja asubuhi imepita. Nikaangalia mkono. Nilipolala saa ilikuwa inatembea vizuri na saa nne ya usiku ilikuwa imepita. Sasa ilikuwa imesimama. Mishale ilikuwa kwenye saa mbili kamili, ambayo bado haijafika, na kidirisha cha siku kikisema Ijumaa, wala hakikuruka Jumamosi usiku kama nilivyoogopa. Nikaitikisa. Nikaipuliza. Nikaiita kwa jina ambalo sitaliandika hapa. Kimya.

Kutoka barazani nikasikia sauti ya mjomba Singano, anamwambia mama asijisumbue, yeye amekuja kwa chakula cha mchana tu.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikatoka, nikatoa shikamoo, nikanyoosha mkono mwenyewe kabla hajauomba. Akaifungua saa. Pale ilipokuwa, ngozi yangu ilibaki na alama nyeupe, kama ukuta uliotolewa picha. Akasoma siku, akasoma tarehe. Akaisogeza sikioni, akaisikiliza kwa muda ule ule aliotumia kunusa nazi. Nilianza kumuwaza Mhando, nikaona heri nimuwaze akiwa na baridi.

Mjomba aliketi, akaiweka saa kwenye kiganja cha kushoto, akanywa chai kwa mkono wa kulia.

"Imekufa?" mama akauliza.

"Inasubiri," mjomba akasema.

Tukakaa. Mama akaleta mihogo. Redio ikatangaza vifo, ikatangaza bei ya mbolea, ikapiga ile milio yake ya kuingia saa mbili, na kwenye mlio wa mwisho mjomba akatikisa kiganja mara moja, kama mtu anayemwamsha mtoto. Saa ikaanza. Hakugeuza mshale, hakubonyeza kitu. Siku ilikuwa Ijumaa na ilikuwa saa mbili, kwa saa, kwa redio, na kwa mama pia.

Akanivisha saa mwenyewe mkononi. "Mama yako akisema siku imeingia," akasema, "mwitikie yeye. Saa iache."

Alipoinuka kunawa mikono ndipo mama alipomwona mgongoni. Koti lote lilikuwa na mistari ya kijani, mipana, iliyolala sambamba, kama mbao za benchi. Mama akamuuliza kaka yake ameegemea wapi asubuhi yote hii. Mjomba akasema kwenye benchi, halafu akanitazama kiwiko. Nami nikakitazama. Kilikuwa cha kijani mpaka karibu na bega.

Akakigusa kwa kidole kimoja, akakiinua kidole kwenye mwanga. Kilikuwa safi.

"Imekauka," akasema, akaomba aongezewe chai.